Neno la Katikati

Jumatatu, 6 Oktoba

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akatazama dirishani. Nimeelewa.

Nimeanza shajara hii ili niseme kweli kabla sijazikwa. Kwa kuwa sina muda, naanza na kubwa. Mimi, Mwalimu Ntiamoah, msemaji wa kwanza wa chifu wa Nkwantamu, sikumbuki maneno ya chifu.

Kazi yenyewe ni hii. Nana, ndivyo tunavyomwita chifu, hasemi na watu moja kwa moja. Ananong'ona sikioni mwangu, mimi nayapamba maneno yake na kuyapaza. Wageni nao wanamjibu kupitia kwangu, ingawa Nana amekaa pale pale na anasikia kuliko mimi. Kati ya sikio langu na kinywa changu pana safari fupi. Maneno yanafia njiani.

Aibu kubwa ni kwamba jambo hili nimelisomesha chuo cha ualimu mpaka nikastaafu. Akili ina kimeza kidogo mlangoni. Kila kinachoingia huwekwa hapo kwanza, kwa kitambo kifupi tu, kikisubiri kutumiwa au kupelekwa ndani. Kisiposhughulikiwa kinaanguka. Nilikichora kimeza hicho ubaoni kwa chaki ya rangi. Vitabu vya zamani vilisema kinabeba vitu saba, vya baadaye vikasema vinne. Changu siku hizi kinabeba viwili: cha kwanza kuingia na cha mwisho. Cha katikati kinaanguka sakafuni, na nikiinama kukitafuta siinuki.

Kwa hiyo cha katikati nimekuwa nikikitunga. Miaka minne sasa. Hakuna aliyegundua, kwa sababu msemaji anaruhusiwa kupamba. Kisima cha shule kilichimbwa kwa amri ya Nana ambayo Nana hakuitoa. Kuna mtu na mkewe waliorudiana kwa sababu nilisahau kuwatenganisha. Wana mapacha sasa. Mmoja ana jina langu.

Jana nikanaswa. Watu wa kanisa walikuja kuomba uwanja wetu wa mpira wajenge. Nana alinong'ona mambo matatu: washukuru, wanyime, watakie safari njema. Nikawashukuru na kuwatakia safari njema. Pale katikati nikawapa uwanja. Walipiga magoti wote pamoja. Nana alikohoa muda mrefu.

Baadaye akaniita pembeni. Akasema Jumapili ni Akwasidae, siku ya kuwalisha mababu, na watu wa Bepokrom, mji jirani, watakuja kumaliza kesi ya mti. Mti wao uliangukia paa la soko letu, na tangu hapo tunabishania mabati. Mwaka wa sita huu. Nikisema vizuri siku hiyo, fimbo ya usemaji inabaki kwangu. Nikikosea, anapewa Amponsem, msemaji wa pili.

Nieleweke. Msemaji akifa akiwa na fimbo, inalazwa kando yake mpaka kunapambazuka. Wasemaji wa miji yote wanakuja, na kila mmoja anasimama kumsemea. Akifa bila fimbo, anapata wimbo mmoja wa kanisani na wali. Sitaki wali. Naomba tu kuishika fimbo kwa muda mfupi uliobaki, na daktari ameshatazama dirishani.

Amponsem ana miaka sitini na moja. Kijana. Meno yake yote yapo na anayatumia kutabasamu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbinu ya kwanza. Ya kitaalamu kabisa. Kitu hakianguki mezani mradi unakirudia kimoyomoyo. Ukikatizwa, kwisha.

Nimemwomba binti yangu Abrafi anitume dukani bila karatasi. Abrafi anauza vitambaa, ni mjane, na ndiye anayenitunza kwa ukali. Aliniuliza kama nimekunywa dawa. Kisha akanituma chumvi, kiberiti, dagaa, vitunguu na sabuni. Nikatoka nikirudia. Chumvi, kiberiti, dagaa, vitunguu, sabuni. Kama saa!

Nilichosahau kupiga hesabu ni salamu. Mzee wa rika langu hawezi kupita Nkwantamu bila kuamkiwa, na kutoitikia ni tusi ambalo linahitaji kondoo kulifuta. Fundi cherehani akaniamkia, akataka kujua watu wa nyumbani wameamkaje. Nikaitika, nikamuuliza wa kwake. Mama muuza uji akaniamkia, akanipa habari za mjomba wake. Kwenye kona mtu nisiyemjua akaniuliza kuhusu mvua.

Nikafika dukani. Mwenye duka akaniuliza nataka nini. Nikamwambia watu wa nyumbani hawajambo, mjomba amepata nafuu, na mvua itanyesha. Akasema ashukuriwe Mungu. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 8 Oktoba

Kosa halikuwa la mbinu. Lilikuwa la njia. Leo nimepita nyuma ya nyumba, kwenye mabafu na majaa, ambako mtu mwenye heshima hamwamkii mwenzake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka uani kwa Maame Pokuaa. Huyu ni mjane, mnene, mchangamfu. Alikuwa anaosha sufuria. Akauliza ni nani huyo anayekuja na maneno mdomoni. Sikuweza kumjibu, dagaa wangeanguka. Nikaweka kidole midomoni, kumwomba anyamaze. Akanitazama. Akapangusa mikono, akaniletea kigoda. Kisha akaniletea fufu, ugali wetu wa kutwanga, na mchuzi wa karanga. Kukataa hakukuwezekana, mchuzi ulikuwa na konokono, kitoweo cha heshima kwetu.

Kufikia alasiri mji mzima umejua kwamba Mwalimu anaingia kwa mjane kwa njia ya uani, akinong'ona, na kumfanyia ishara ya kidole. Abrafi ameniuliza anunue lini vinywaji vya posa. Nikamweleza kwamba nilikuwa kwenye utafiti. Akasema siku hizi wanaume wanaita hivyo.

Chumvi bado hatuna.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimewaza usiku na nimefikia ukweli mchungu. Kichwa changu hakitatengenezeka kabla ya Jumapili. Lakini kichwa cha Amponsem kinaweza kuharibiwa. Tukisahau wote wawili, Nana hatakuwa na sababu ya kunibadilisha.

Leo kulikuwa na shauri dogo, kuku aliyetagia nyumba ya jirani. Nikasingizia koo ili Amponsem asimame. Nikaketi karibu na mlango. Nana akamnong'oneza kwa kirefu, nikahesabu mambo matano. Amponsem akageuka kuwaelekea watu. Hapo hapo, kabla hajafungua kinywa, nikamwamkia. Nikamuuliza kwa sauti goti la mkwewe linaendeleaje.

Salamu ya mzee haipuuzwi. Akasimama, akainamisha kichwa, akanishukuru. Akasema goti limepungua uvimbe, wanalikanda kwa maji ya moto, na mkwewe ananisalimu. Moyo wangu mchovu ukaruka kwa furaha. Hakuna kimeza cha binadamu kinachostahimili goti!

Kisha akawageukia watu akasema mambo yote matano. Kwa mpangilio. Akaongeza la sita, kwamba Mwalimu ameulizia goti, kwa hiyo ukumbi ujue kwamba bado kuna utu hapa duniani. Watu wakanipigia makofi.

Baada ya shauri nilimvuta kando. Nikamuuliza anawezaje. Nilitegemea aseme hirizi.

"Tatu tatu, Mwalimu," akasema. "Hushiki punje moja moja, unafunga mafungu. Fungu moja linakaa mahali pa punje moja. Si wewe uliyetufundisha?"

Nikamuuliza nilimfundisha wapi. Akasema chuoni, alikaa darasani kwangu mwaka mzima. Nimerudi nyumbani nikaliita darasa lile kichwani, kwa sababu mambo ya zamani yako ndani na hayaanguki. Nikawaona wa dawati la mbele, wote, hadi soksi. Nikawaona wa dawati la nyuma, waliokuwa wanakula karanga. Amponsem simwoni.

Anasema alikaa katikati.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mafungu! Nilisahau mafungu! Chombo changu mwenyewe kinatumiwa dhidi yangu.

Nimefanya mazoezi siku mbili. Nimeboresha. Badala ya fungu tupu natunga hadithi, kila kitu kimeshika mkono wa mwenziwe, hakuna kinachopotea. Leo asubuhi Abrafi alinituma tena. Nikatunga palepale. Padri amepanda kuku, amebeba mkungu wa ndizi, analia kwa sababu amekanyaga msumari, na machozi yake ni mafuta ya taa.

Hadithi ninayo mpaka sasa. Ni nzuri, na nimempa yule padri jina na matatizo ya ndoa. Shida ni kwamba sikujua nani kati yao alipaswa kununuliwa na nani alikuwepo kwa ajili ya hadithi. Nilirudi na kuku na misumari. Abrafi alisema alinituma ndizi, chandarua na mafuta ya taa. Nikamuuliza chandarua kimetoka wapi, hakikuwemo kabisa. Akasema kilikuwa katikati.

Tumemchinja kuku. Abrafi aliniuliza, akinyonyoa, kwa nini nisimwachie tu Amponsem kazi nikapumzika. Nikamwambia habari ya wali. Akamalizia bawa moja. Kisha akasema hata yeye asingependa baba yake aagwe kwa wali. Akanipa paja.

Mbinu ya kesho, na ndiyo ya mwisho. Kilichosikika sasa hivi kinakuwa bado cha moto. Basi nitafupisha safari. Nitasimama shavu kwa shavu na Nana, na atakapofunga kinywa mimi nitafungua changu. Masikio nitayaziba kwa pamba, nibakize moja tu, la upande wa Nana. Salamu itaingilia wapi?

Jumapili, 12 Oktoba. Akwasidae

 

Ua ulijaa. Mwavuli mkubwa, ngoma, watu wa Bepokrom wamekaa upande wa pili kwa nguo zao nzito, mzee wao mbele. Mimi nguo ya urithi, fimbo mkononi, pamba sikioni. Ile fimbo ina mkono wa kuchongwa juu yake, umeshika yai. Dhahabu imebanduka kwenye kiganja. Mimi ndiye niliyeibandua, kwa miaka ya kuishika.

Nana akanong'ona mambo manne. Wakaribishe. Omba mabati themanini. Wakigoma, shuka mpaka hamsini, usishuke zaidi. Mbuzi wetu waliokula mihogo yao wasitajwe kabisa.

Niliyashika. Yote manne! Nikafungua kinywa.

Amponsem akanitia chupa mkononi.

Tambiko. Nilisahau tambiko. Siku ya Akwasidae halisemwi neno kabla mababu hawajanyweshwa, na kazi hiyo ni ya msemaji wa kwanza. Nimemwaga pombe hiyo mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu. Amponsem anasema alinikumbusha mara mbili. Alikuwa upande wa pamba.

Sikutishika. Majina ya mababu hayakai mezani, yako chumba cha ndani kabisa tangu utoto, yanatoka yenyewe. Nikaamua kinywa kitaje mababu na kichwa kiendelee kurudia mambo ya Nana kimyakimya. Kazi mbili kwa pamoja, katika umri huu. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nawaambia wanafunzi jambo hilo ni gumu. Nikawahurumia wanafunzi.

Nikamwaga tone la kwanza. Nikasema, Nana Dwamena, njoo unywe. Watu wakaitikia kama ilivyo desturi, ndiyo. Nana Sarpong, njoo unywe. Ndiyo. Bibi Afrakoma mama wa mji, njoo unywe. Ndiyo. Nilikuwa na sauti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu ujana. Nikaona Nana amefumba macho kwa raha. Kisha nikaona ameyafumbua.

Sikusikia vizuri kwa sababu ya pamba. Abrafi ndiye aliyenisimulia baadaye, neno kwa neno. Nilisema, kwa sauti ile ile ya heshima:

"Mabati themanini ya kuomba, njooni mnywe."

Watu wakaitikia, ndiyo. Mazoea.

"Mabati hamsini, ambayo chini yake hatushuki, njooni mnywe."

Ndiyo, lakini wachache.

"Mbuzi wetu mliokula mihogo ya Bepokrom, msiotakiwa kutajwa, njooni mnywe."

Hapo aliitikia mtu mmoja tu. Mzee wa Bepokrom mwenyewe. Alisema ndiyo kwa moyo wote.

Ngoma zilinyamaza bila kuambiwa. Nikatoa pamba. Nilidhani wameguswa.

Ninachotaka kiandikwe ni hiki. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nilikumbuka kila kitu. Hata ya katikati. Kwa mpangilio.

Mzee wa Bepokrom akasimama, akazungumza na msemaji wake, msemaji wake akazungumza na mimi, ingawa sote tulikuwa tumeshasikia. Walisema themanini hawana. Hamsini wanayo, yamo ndani ya lori pale nje, walikuja nayo. Kuhusu mbuzi, wanashukuru kwamba hatimaye mababu wetu wamesema ukweli, maana wazao wao walikuwa wanakana. Kwa ajili ya mihogo watapunguza mabati matano.  Nana aliitikia kwa kichwa. Kesi ya miaka sita iliisha kabla pombe haijakauka chini.

Chini ya mwavuli mabega ya Nana yalikuwa yanatetemeka. Niliogopa ni hasira. Abrafi anasema alikuwa anafuta machozi kwa nguo ya kifalme na kujing'ata kidole.

Kesho ameniita. Nadhani ni kunipongeza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Haikuwa kunipongeza.

Yaani ilikuwa, mwanzoni. Nana alikuwa peke yake na Amponsem. Akanikalisha karibu, na kwa mara ya kwanza tangu atawazwe alisema nami kwa sauti ya kawaida, kama mtu.

"Mwalimu, umetumalizia kesi. Soko litapata paa. Sasa nipe fimbo."

Nikamwambia mafanikio na adhabu haviendi pamoja. Akasema hii si adhabu. Akasema kisima ni kizuri na hajawahi kukilalamikia, na mapacha wale amewaona, ni watoto wazuri. Nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Miaka yote minne. Akasema alikuwa anangoja kusikia nimetia nini katikati, ilimfurahisha. Lakini uwanja wa mpira vijana wanaudai, na jana aliwaza ingekuwaje kama siri ingekuwa kubwa kuliko mbuzi.

Nilimpa fimbo. Kiganja changu kilikuwa kimezoea mahali pake, kikabaki kimekunjwa hivyo hivyo. Amponsem aliipokea kwa mikono miwili. Nilimtazama meno. Hakutabasamu.

Akanisindikiza nyumbani. Tulitembea polepole. Alibeba fimbo upande wangu, ili anayetutazama kwa mbali asijue ni ya nani. Kila aliyetuamkia, aliniachia nimwitikie mimi kwanza.

Tulipofika mlangoni akasimama, akaniambia mambo matatu. La kwanza ninalo.

"Mwalimu, siku utakayolala, fimbo hii italala kando yako mpaka kunapambazuka. Nimeshamwomba Nana. Amekubali."

La mwisho ninalo pia.

"Na mimi ndiye nitakayesimama kukusemea. Sitasahau hata moja."

Alipokuwa kwenye la pili, Maame Pokuaa alipita na beseni kichwani. Akaniuliza mbona siku hizi sipiti uani. Sikuweza kutomwitikia.

Nililia kidogo, baada ya Amponsem kuondoka. Moyo ukapiga taratibu, vizuri. Sitaagwa kwa wali.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimelitafuta lile la katikati siku mbili. Nimelipata. Alisema kwamba, mpaka siku hiyo ifike, niwe nakaa karibu naye ukumbini kumwongoza kwa uzoefu wangu. Linaingia pale barabara, halina pengo mbele wala nyuma. Ni lazima ndilo.

Abrafi alikuwa dirishani siku ile na anadai alisikia. Anasema Amponsem aliniomba, kwa heshima zote, nisimwamkie tena akiwa kazini.

Haiwezekani. Neno kama hilo ningelikumbuka.

Kesho ni Alhamisi, kuna shauri la mpaka wa shamba. Nitapita njia ya uani ili nisipotezewe mawazo, niwahi kiti cha karibu na mlango. Nana atakapomaliza kunong'ona, Amponsem akigeuka, nitamuuliza goti linaendeleaje. Ni lazima anahitaji kuongozwa.